Kipoyi cha Kwenda na Kurudi

Vijana wangu wa atelie, karakana ya sokoni, ujumbe wenu umenifikia na nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Mnafanya shindano. Watu wachore baisikeli ya magurudumu matatu kwa ajili ya wasioweza kutembea, watume michoro kwa telefone, kila mwenye telefone apige kura, na mchoro utakaopata kura nyingi ndio mtakaoutengeneza. Mnaniomba niwe mwamuzi. Mmenipamba sana, hata mkaniita profesa wa vyuma. Mimi ni Alfonsi tu, fundi wa kuchomelea hapa Kasongo, niliyeacha kazi kwa sababu macho yameshiba cheche na mgongo umekataa kuinama. Nitakuja. Lakini nina sharti moja, nanyi mtalielewa nikishawaeleza habari za kipoyi. Najua mtasema mzee anaanza tena. Ndiyo, naanza tena.

Kipoyi, kwa ninyi mliozaliwa pikipiki zimeshajaa, ni kitanda cha kubebea mgonjwa mabegani. Miti miwili mirefu, blanketi katikati, watu wanne, basi. Upande wa Kabambare kuna vijiji ambako hata leo mvua ikizidi pikipiki haipiti, na mgonjwa anakwenda hospitali kwa mabega ya watu. Vijana wa kijiji kimoja wanambeba mpaka mwisho wa ardhi yao, wenzao wa kijiji kinachofuata wanakuwa wameshafika pale, wanapokea bila mgonjwa kugusa chini. Hakuna anayeandika zamu. Nimeona mambo mengi ya kunikatisha tamaa katika maisha yangu, lakini nikikumbuka wale vijana wanavyosubiri mpakani na mabega yao wazi, nashukuru kwamba nilizaliwa huku.

Sasa, miaka kama kumi na kitu iliyopita, kamati moja ya afya ilitaka vipoyi vya chuma, vyepesi, vya kukunjwa, vya kudumu. Mimi nilikuwa nimeshawachorea kimoja kwenye kifuniko cha katoni. Mwenyekiti wa kamati akakitazama, akasema, "Fundi, siku hizi mutu mumoja hafikirii peke yake. Tuulize watu wote." Basi wakatangaza kwenye redio na kwenye telefone: mwenye wazo achore, atume, na jina la mshindi litapakwa rangi ubavuni mwa kila kipoyi.

Niseme ukweli, nilinuna. Nilijiona nimenyang'anywa kazi yangu na kugawiwa watu wa barabarani. Nilikaa siku mbili bila kuwasha mashine. Kisha michoro ikaanza kufika, na mimi, ambaye nilikuwa nimeapa kutoitazama, nikawa wa kwanza kufika ofisini kila asubuhi kuuliza kama kuna mpya.

Hapo ndipo penye uzuri wa jambo hili, na sitaki mdhani nalichukia. Michoro ilijaa katoni nzima ya sabuni. Mvuvi mmoja wa Nyangwe alichora mtumbwi wenye miguu minne, tukacheka mpaka machozi; lakini kitanda cha mtumbwi ule kilikuwa cha wavu, na pembeni ameandika kwamba maji ya mvua yatapita na mgonjwa hatalala kwenye dimbwi. Mimi ningechomelea vyuma miaka mia na nisingefikiria wavu. Mkunga mmoja alichora mstari mmoja tu, mto wa kuegemea ubavuni, kwa sababu mwenye mimba kubwa halazwi chali. Je, mimi ningejuaje? Sijawahi kubeba mimba. Kichwa changu kilikuwa cha chuma tupu, na watu ambao sikuwajua walikijaza bure. Hao wote nawashukuru mpaka leo, hata wale walionichekesha.

Kulikuwa pia na karatasi ya Mama Josefina, mshonaji ambaye cherehani yake iko hatua chache kutoka kwangu. Yeye hakuchora kipoyi. Alichora mgonjwa, amevaa kitu kama gunia la plastiki lililofungwa shingoni, uso nje. Mimi nikasema kwa sauti, mbele ya kamati yote, "Huyu mugonjwa au muhogo wa kupeleka soko?" Watu wakacheka. Josefina mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Aligeuka akarudi kwenye cherehani yake. Likumbukeni neno langu hilo, maana nililila baadaye na lilikuwa chungu.

Kura zilimpa ushindi Patrick. Huyu ni mzaliwa wa Kasongo, lakini wazazi wake walimhamisha akiwa mdogo, akakulia mji wa mbali, akasomea kuchora. Mchoro wake, vijana wangu, ulikuwa mzuri. Aliuchora kwa kompyuta. Kipoyi kimesimama kwenye miguu yake mbele ya nyumba, jua linawaka, muuguzi anatabasamu, na juu ya kitanda kuna paa: vyuma vitatu vilivyopindwa nusu duara, vimefunikwa kitambaa cha kijani. Jua halimchomi mgonjwa, mvua haimpati. Kijani, aliandika Patrick, ni rangi ya misitu yetu. Marafiki zake wa kule mjini walipiga kura, na marafiki wa marafiki, na mimi pia nikapiga. Kinyongo chote kilikuwa kimekwisha. Nilikuwa na hamu ya kupinda vile vyuma.

Nilivipinda vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na kitandani nikafunga wavu wa yule mvuvi. Nilipomaliza, akapita Mzee Assumani. Yeye nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa umri na kwa heshima. Alikuwa amebeba wagonjwa tangu ujana wake, bega lake la kulia lilikuwa na nundu ngumu kama kisigino. Telefone hakuwa nayo, kwa hiyo kura hakupiga, na kwa hiyo hakuna aliyemuuliza lolote. Alikizunguka kipoyi, akashika pembe moja, akaiinua mpaka begani, akasimama hivyo kidogo, kisha akaishusha taratibu.

"Yaya, iko nguvu?" nikamuuliza. Mikono yangu ilikuwa bado kwenye rangi.

"Iko nguvu," akasema.

"Utatusindikiza mpaka Wamaza?"

Alikitazama tena kile kitu, kwa muda mrefu kidogo. "Nitakuja," akasema.

Mimi nilifurahi. Nilidhani amekipenda.

Tulikipeleka Wamaza, kijiji kimoja cha upande wa Kabambare, kimefungwa nyuma ya pikipiki, paa limekunjwa. Ilikuwa siku ya kukabidhi, viti vimepangwa, mwenyekiti ana hotuba yake mfukoni. Kabla hajaanza, mwanamke akaja mbio kutoka upande wa chini wa kijiji. Zaina, mke wa mkulima mmoja pale, alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Mkunga alikuwa amesema hapa hawezi tena, lazima apelekwe hospitali. Tukatazamana, na nitakiri kwenu jambo baya: sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi. Kipoyi changu kitaonekana kinafanya kazi leo leo. Tukafungua paa, tukavuta kitambaa, vijana wanne wakakiinua mabegani, tukashuka nacho kwa haraka kwenda kwa Zaina.

Kwenye picha ya Patrick kipoyi kilikuwa kimesimama chini. Hakuna kati yetu aliyekuwa amekiona mabegani mwa watu wanne wanaotembea haraka. Mimi nilikuwa nyuma, nikaona watu wa kwanza barabarani wanavua kofia. Mzee mmoja akaweka jembe chini, akainua viganja, midomo ikaanza kucheza dua. Mwanamke aliyekuwa anatwanga akaacha mchi ndani ya kinu. Kisha mama yake Zaina akatoka mlangoni, akaona kinachokuja, akapiga yowe la msiba, na kutoka nyumba za jirani mayowe yakamjibu.

Jeneza. Tulikuwa tumewaletea jeneza. Wote mnalijua lile la msikitini, la kubebea maiti mpaka makaburini, lenye vyuma vya nusu duara na kitambaa cha kijani juu. Na sehemu ya kunitia aibu zaidi ni hii: jeneza la msikiti wa mtaani kwetu nililitengeneza mimi mwenyewe, nilipokuwa bado kijana, vyuma vyake vilipovunjika. Mikono hii ilipinda vyuma vile vile mara mbili na kichwa hakikukumbuka, kwa sababu mara hii nilikuwa natazama karatasi.

Zaina akatoka. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine, kanga imelowa jasho.

"Nani alikufa hapa?" akauliza.

Vijana wakakishusha kipoyi chini.

"Nimeuliza, nani alikufa? Kama ni miye munanifuata, mungojee. Bado niko na pumzi."

"Mama, hii si jeneza," nikasema. "Hii ni kipoyi, ya kukupeleka hospitali."

"Baba, miye niko na macho. Ile kitu inakwendaka tu. Hairudishaka mutu." Akatutazama mmoja mmoja. "Heri nitembee."

Na akatembea. Vijana wangu, sijasahau hata hatua moja. Alipita mbele yetu, mkunga amemshika kwapa, akafika nyumba ya pili, akafika ya tatu, akaanguka kwa magoti. Nikaona kwamba mwanamke huyu atakufa barabarani, pamoja na mtoto, mbele ya kitanda nilichokichomelea mimi, kwa sababu ya uzuri wa paa.

Nilikimbilia mfuko wangu, nikatoa msumeno wa chuma. Mzee Assumani alikuwa ameshavua kitambaa na kukitupa juu ya ua. Alishika chuma cha kwanza bila kuambiwa, nami nikakata. Vyuma vitatu, kila kimoja pande mbili. Nilikata karibu kabisa na Zaina ili aone. Alikuwa amepiga magoti, anahema, anatazama kila chuma kinavyoanguka. Kilipoanguka cha mwisho, akasema, "Sasa kulala mutu anaweza," akapanda mwenyewe.

Njiani mvua ikatunyeshea. Paa hakuna. Mkunga alikimbia pembeni na jani la mgomba juu ya kichwa cha Zaina, nami upande wa pili na jani langu, tunateleza, tunagongana. Wavu wa mvuvi wa Nyangwe ulipitisha maji kama alivyoandika. Lakini Zaina alikuwa anatetemeka kwa baridi, na katika kukimbia kule nikaiona karatasi ya Josefina mbele ya macho yangu, mgonjwa ndani ya plastiki, mkavu, uso nje akitazama dunia. Lile neno langu la muhogo likarudi. Kila kijiji tulichofika vijana walikuwa wameshasimama mpakani. Hakuna aliyeuliza habari za mvua. Walipokea, wakaondoka.

Zaina alizaa hospitalini. Msichana. Wote wawili wazima. Nilikaa kwenye ngazi ya hospitali nimelowa mpaka mifupa, nikalia kama mtu aliyefiwa, na sikufiwa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na sikujali nani ananisikia.

Mzee Assumani alikuwa amekaa karibu, anakamua maji kwenye shati lake.

"Yaya," nikamwambia, "uliona tangu Kasongo."

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza kama iko nguvu. Nikakujibu iko nguvu. Munaulizaka watu wa telefone, wanachagua, munatengeneza, munapaka rangi. Halafu munaita mubebaji akuje kuona. Nani atasikia?" Akavaa shati lake bado limelowa. "Lakini nilikosa, Alfonsi. Nilipaswa kusema hata kama hamuulizi. Nilikuja Wamaza juu ya hiyo. Nilisema, pengine wakati utafika."

Nimelitafakari neno hilo miaka mingi. Tulisema tumeuliza watu wote. Tuliuliza wenye telefone, na mabega yaliyokuwa yabebe yalikaa pembeni. Mkinikubali kama mwamuzi, mtanisikia nikiuliza hilo kila siku, mpaka mnichoke: aliyepiga kura ni nani, na atakayepanda ni nani?

Niliporudi Kasongo nilikwenda kwa Mama Josefina. Nilichukua karatasi yake kutoka kwenye katoni ya sabuni, nikainyoosha kwa kiganja. Alinitazama juu ya miwani, mguu haukutoka kwenye cherehani.

"Fundi, siku ile ilikuwa muhogo. Leo imekuwa mutu?"

"Mama, nilikosa mbele ya watu. Nimekuja kuomba mbele ya watu." Na kweli nilikuwa nimemleta mwenyekiti na wawili wa kamati.

"Nilichora usiku tatu," akasema. "Mutoto wangu alinishikia taa. Mukacheka dakika moja." Akashona kidogo, akaacha. "Wenye kushindwa wengine, mulikwisha kuwaambia hata asante?"

Hatukuwa tumewaambia. Vijana, hapa nisikilizeni. Shindano linamfurahisha mmoja na kuwarudisha nyumbani wengine wote mikono mitupu, na kila mmoja wao amekupa kichwa chake. Wengi hawatakupa tena. Kuwarudisha ni kazi ngumu kuliko kuchomelea. Tulichukua ile katoni, tukawatafuta mmoja mmoja, tukamwambia kila mtu tulichojifunza kwake. Mvuvi wa Nyangwe tulimpelekea habari ya wavu wake. Alisema sasa anachora paa la nyumba, tujiandae. Josefina alitushonea plastiki ya kwanza siku ile ile, akaipima kwa mwili wangu, akanifunga shingoni, akawaita majirani waje kuona muhogo. Nilistahili.

Na Patrick, msimhukumu. Nilimpigia mwenyewe. Nilipomweleza yaliyotokea, akasema, "Baba, miye sikuona jeneza ya kwetu hata mara moja. Niliondoka mudogo." Kisha, "Jina langu mulitoe." Nikamwambia jina litabaki kama ataendelea. Akaendelea. Aliomba vipimo vya njia, vya madaraja ya miti, vya mabega, na mimi nilimpima Mzee Assumani kwa kamba na kumsomea urefu. Vipimo tulivyotumia miaka yote iliyofuata ni vya Patrick. Kuhusu majina ubavuni, tulianza kuyaorodhesha, ubavu ukajaa kabla hatujafika nusu, tukaacha kipoyi bila jina. Nadhani hiyo ndiyo rangi nzuri zaidi niliyowahi kutopaka.

Tangu hapo Wamaza hawakupokea kipoyi kipya mpaka Zaina akijaribu kwanza. Alianza mwenyewe. Nikifika na kipya, anaitwa, analala chali, halafu ubavuni, anajigeuza, anaamka, anawaambia watu, "Hii ni ya kwenda na kurudi." Hapo tu ndipo vijana wanakigusa.

Fundi aliyenifundisha kazi, Fundi Tomasi, alikuwa na desturi inayofanana na hiyo. Kila baisikeli niliyoitengeneza alinipandisha mimi kwanza, mteremko wa sokoni, hata kama breki nilizifunga jana. Siku moja breki zilikataa nikaingia kwenye sombe ya mama mmoja, majani ya muhogo mpaka masikioni. Tomasi hakunisaidia kuamka. Alisema, "Sasa unajua breki yako." Mnadhani nililishika somo hilo? Nilitengeneza vipoyi miaka yote ile bila kulala juu ya hata kimoja.

Kile cha mwisho kabla sijastaafu nilikipeleka mwenyewe. Zaina akaja na yule binti yake, mrefu sasa, anasoma. Akalala, akajigeuza, akaamka. Nikangoja aseme neno lake. Hakulisema.

"Baba Fundi, lala weye."

"Miye si mugonjwa."

"Miye pia leo si mugonjwa. Lala."

Watu wakaanza kupiga makofi. Nikalala. Vijana wanne wakaniinua, na Assumani, mzee kabisa sasa na fimbo yake, akatembea karibu na kichwa changu. Hapo nikagundua kwamba chuma kimoja cha pembeni kinachoma kiwiko, miaka yote hiyo, na wagonjwa wote hao waliona haya kuniambia. Nikagundua pia kwamba mtu aliyebebwa anaogopa. Hakuna mkono wako kwenye chochote. Mwili wako wote uko kwa watu wengine.

Zaina alikuwa anatembea pembeni. "Baba, unaona nini?"

Nilitazama juu. Mawingu, ncha ya mchikichi, ndege mmoja, na uso wa binti yake aliyekuwa amenikaribia ili aone kama mzee analia.

"Naona kila kitu," nikasema.

"Basi," akawaambia watu. "Hii ni ya kwenda na kurudi."

Kwa hiyo sharti langu ndilo hili. Mwenye kushindwa kutembea, yule atakayepanda baisikeli yenu, akae kiti cha mwamuzi. Mimi nitakaa pembeni yake, na siku ya kujaribu mtanipandisha mimi kwanza, mteremko wa sokoni. Waambieni akina mama wa sombe wajiandae.